Jinsi ya kutumia neno "ngome" mahali pake

Kwenye meza ya uhariri, "ngome" hupita kila wakati: ngome ya waasi, ngome ya chama, ngome ya timu. Ni neno zito, nami nalionea uchungu linapotupwa ovyo. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Uliza kimejengwa nini. Ngome ni mahali palipoimarishwa na kukaliwa ili pahimili mashambulizi. Itazame Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593: kuta nene za mawe ya matumbawe, na buruji zilizochomoza pembeni ili adui anayeusogelea ukuta apigwe kutoka ubavuni. Wapiganaji waliofika jana wakachimba mashimo hawana ngome. Wamejichimbia kwenye mahandaki. Wakiwa na mahema tu, hiyo ni kambi. Wakiwa wamejificha, ni maficho. Ua wa miti au miiba ni boma.

Hatua ya 2: Sawazisha upatanisho. Ngome hii imetekwa, ngome hizi zimetekwa. "Mangome" ifute.

Hatua ya 3: Pima kitenzi. Hapa ndipo habari nyingi huharibika. Kuzingira ni kufunga njia zote. Kuteka ni kuingia na kuishika. Kubomoa ni kuondoa kuta zenyewe. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu tangu mwaka 1696, wakaiteka mwaka 1698. Hawakuibomoa, na kuta zake zimesimama hadi leo. Mwandishi akiandika "waliibomoa", amebadilisha historia kwa kitenzi kimoja.

Hatua ya 4: Ikiwa ni sitiari, dai ushahidi. Jimbo huwa ngome ya chama likikipa ushindi uchaguzi baada ya uchaguzi. Ushindi mmoja hautoshi, hata uwe wa kishindo. Andika tu kwamba chama kimeshinda. Kwenye soka siweki masharti hayo: ngome ni safu ya ulinzi, na mshambuliaji akiwapita mabeki amepenya ngome, hata kama mabeki hao wamepangwa pamoja kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 5: Angalia majina rasmi. Ngome Kongwe ya Zanzibar, au Ngome ya Vijana ya chama cha ACT-Wazalendo cha Tanzania, ni majina. Yaandike kwa herufi kubwa, wala usiyapitishe kwenye vipimo vya hapo juu.