Kuitambua mbao kuukuu kabla hujatoa pesa

Pale Mikindani, Mtwara, nyumba ya zamani inapobomolewa, au Kilwa Kivinje kwenye mabaki ya jahazi lililoachwa ufukweni, kila mbao nyeusi huitwa mpingo na kila nyekundu huitwa mninga. Muuzaji huenda hadanganyi, naye kaambiwa hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba rangi ya nje ya mbao kuukuu si ushahidi wa chochote. Jua huigeuza mbao yoyote kuwa ya kijivu, moshi wa jikoni huitia weusi, sifa, yaani mafuta ya papa yanayopakwa chombo cha baharini miaka nenda miaka rudi, huifanya ya kahawia, na oili chafu inayopakwa boriti kuzuia mchwa huufanya hata msonobari ufanane na mpangapanga. Kinachosema kweli ni kichwa cha mbao kilichokatwa upya, pamoja na uzito na harufu.

Nenda na msumeno mdogo, wembe mpya, chupa ya maji, kitambaa cheupe na sumaku. Spika mbovu ya redio ina sumaku nzuri tu. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara kumi ni bora zaidi; huna, kamera ya simu ikisogezwa karibu inatosha.

Kata kwanza sentimita tano za mwisho uzitupe, maana hapo mbao imepasuka na kuliwa na hewa. Kisha chonga eneo dogo la kichwa, hata la ukubwa wa kidole gumba, kwa wembe. Msumeno huacha nyuzi zimelala na kuziba vitundu, yaani mirija midogo iliyokuwa ikipitisha maji ya mti; wembe huvifungua. Lowesha kidogo, utazame kwenye mwanga. Hatua hii ya wembe ndiyo watu wengi huiruka, halafu hulalamika kwamba mbao zote zinafanana.

Kwa uzito, kata kipande cha sentimita 5 kwa 5 kwa 4. Hizo ni sentimita za ujazo 100, kwa hiyo huhitaji hesabu: gramu unazosoma kwenye mzani wa jikoni ndizo kipimo chako. Kipande kiwe kimekaa ndani ya nyumba mpaka uzito usibadilike, kwa sababu mbao yenye maji au chumvi itakudanganya. Msonobari mkavu huwa karibu gramu 45 hadi 50. Mninga, mvule na mtiki huzunguka 60 hadi 65, ndiyo maana uzito peke yake hauwezi kuitenganisha mitatu hii. Mkongo, ambao wengine wa pwani huuita mbambakofi, huwa 75 hadi 85. Mpangapanga hupita 80. Mpingo huvuka 120, na ukiutupa kwenye ndoo ya maji unazama kama jiwe.

Tuanze na mpingo, kwa kuwa ndio unaopandishwa bei kuliko yote. Mti wake ni mwembamba, umepindapinda, na mara nyingi una uwazi au nyufa katikati. Ukionyeshwa mbao ya inchi moja kwa nane yenye urefu wa futi 12 ukaambiwa ni mpingo, usihangaike hata kutoa wembe. Mpingo wa kweli hupatikana vipande vifupi: mguu wa kiti, mchi, kinyago kilichovunjika. Kwangua upande usioonekana kwa kisu. Kiini kinatoa unga wenye weusi wa zambarau, na sehemu ya nje ya mti ni nyembamba na ya manjano hafifu. Ikiwa chini ya mkwaruzo kuna weupe mtupu, hiyo ni mbao laini iliyopakwa rangi ya viatu.

Mninga una vitundu vikubwa vinavyoonekana kwa macho, na kwenye uso wa mbao hujitokeza kama mikwaruzo ya sindano. Rangi ya kiini ikikatwa upya ni kati ya dhahabu na kahawia nyekundu, mara nyingi na michirizi ya giza. Sifa yake kubwa ni kutosinyaa sana. Mlango wa zamani ambao haujapinda, na uzito wa kipande chake uko kwenye 60, una nafasi kubwa ya kuwa mninga.

Mkongo una alama mbili ambazo ukishaziona hutazisahau. Kichwani, kila kitundu kimezungukwa na doa jeupe lenye umbo la jicho. Ndani ya baadhi ya vitundu kuna unga wa manjano. Randa sehemu ndogo, funika kwa kitambaa cheupe kilichoroweshwa, ukiache kama nusu saa. Kikitoka na umanjano, umeupata. Umanjano huohuo ndio utakaochafua mashuka ukitengeneza kitanda cha mkongo bila kukipaka kitu, kisha paa likavuja.

Mvule na mtiki huchanganywa sana. Kwenye mtiki, vitundu vikubwa hujipanga mstari mwanzoni mwa kila duara la ukuaji, kwa hiyo maduara yanasomeka. Ukiupapasa una mafuta kama nta, na ukikatwa hunuka ngozi. Mtiki umepandwa Rondo, Lindi, basi usishangae kuukuta hata kwenye fremu za madirisha. Mvule vitundu vyake vimetawanyika bila mpangilio, na nyuzi zake hupishana, huku zikienda na huku zikirudi, ndiyo maana randa hung’oa vipande hata ukigeuza upande. Zaidi ya hapo, mvule huficha mawe meupe ya chokaa ndani. Msumeno ukipoteza makali ghafla na sumaku haishiki kitu, angalia kama kuna jiwe.

Mpangapanga utautambua kwa mistari ya giza na ya mwanga inayopishana, hata bila lenzi. Vaa glavu, vijiti vyake vikiingia kidoleni vinawasha vibaya. Msonobari hauna vitundu vya wazi kabisa kichwani na hunuka utomvu. Mingi hutoka kwenye palati za bandarini. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, ichukue. MB ni dawa ya gesi yenye sumu, iache hata kwa bure.

Boriti za mkoko hazitakupa mbao pana. Zinafaa mipini na miguu ya vigoda, basi.

Mbao za chombo zinataka subira. Chumvi iliyomo huvuta unyevu hewani, vanishi ikavimba na skurubu zikaliwa na kutu. Loweka kwenye maji baridi wiki tatu hadi nne kwa unene wa inchi moja, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili. Kisha zipange kivulini juu ya vijiti vilivyoachana sentimita 40, vijiti vya tabaka la juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini, la sivyo mbao zitachukua mawimbi. Vichwa vipake rangi yoyote nzito visipasuke. Fanya kazi hii kuanzia Juni, kusi linapovuma na mvua zimekwisha; ukianza Januari utakausha ukungu. Pima mbao moja kila wiki. Uzito ukisimama wiki mbili mfululizo, imekauka kadiri hewa ya Mtwara inavyoruhusu. Meza hiyohiyo ikihamia Dodoma itasinyaa tena, kwa hiyo usiubane uso wake kwa gundi kwenye fremu; tumia skurubu zilizopitishwa kwenye tundu refu la fremu ili mbao ipate kucheza.

Misumari: pitisha sumaku kila upande, na kumbuka kwamba haishiki shaba. Doa la buluu nyeusi kwenye mkongo mara nyingi lina chuma chini yake. Msumari wenye kutu usiuvute moja kwa moja, kichwa kitakatika. Upige kwanza uingie kidogo, kutu iachie, ndipo uung’oe. Uliokatika ndani, chukua bomba la chuma la milimita 10, chonga meno mdomoni kwa tupa, ulifunge kwenye keekee na kuchimba kuuzunguka. Tundu utaliziba kwa kigingi cha mbao ileile.

Vumbi la mbao hizi lina kisirani chake. La mpingo huwasha ngozi, la mninga na mvule hubana kifua cha watu wengine. Vaa barakoa, na rangi ya zamani usiichome wala kuisugua kavu kwa msasa, kwani inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu; iloweshe kwanza.

Kabla ya kupakia kwenye gari, pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) uulize kuhusu kibali cha kusafirisha, na weka risiti inayoonyesha mbao zilikotoka. Mlango au fremu ya nakshi ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, hivyo usiupasue kupata mbao, hata kama mwenyewe anakubali.

Kwenye kuunga, mpingo na mtiki huikataa gundi kwa sababu ya mafuta yao. Futa nyuso zote mbili kwa tina (thinner ya rangi), ngoja ikauke, kisha unge ndani ya robo saa, kabla mafuta hayajapanda tena. Mbao iliyolishwa oili chafu haitibiki hata kwa tina. Randa milimita tatu, paka vanishi eneo la ukubwa wa kiganja, ungoje siku mbili. Ikiwa bado inanata, itumie banda la kuku.