Jinsi ya kutengeneza tzatziki nyumbani isigeuke uji

Wiki yangu ya pili katika jiko la hoteli moja ya ufukweni Zanzibar nilipewa kazi niliyoiona ya kitoto, kutengeneza tzatziki, kichovyeo cha Kigiriki: mtindi, tango, kitunguu saumu, changanya. Saa tisa alasiri nikatia kila kitu kwenye blenda. Saa moja usiku, wageni wameshakaa, bakulini mlikuwa na kitu cha kunywa. Shefu wetu alikuwa Mgiriki wa Thessaloniki, mtu aliyekaa visiwani hadi akajua kutania kwa Kiswahili. Alichota kijiko, akakiinamisha, akatazama kinavyomwagika. "Dada," akaniambia, "hii siyo tzatziki. Hii ni cacık. Lete vikombe."

Cacık ni ya Waturuki, hutamkwa "jajik", na jina la Kigiriki limetokana nayo. Wagiriki wenyewe hutamka kitu kama "dzadziki". Waturuki aghalabu huongeza maji kwa makusudi, wakaila kwa kijiko kama supu baridi au wakainywa. Wabulgaria nao wana tarator, supu baridi ya jamaa hiyohiyo. Ya Wagiriki ndiyo nzito: ukichomeka kijiko katikati, kinasimama. Vitu vinavyoingia ni karibu vilevile, kinachozitenganisha ni maji tu. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni ya kukimbiza maji, na ukiruka moja usinilaumu jioni.

Mahitaji (watu sita, kwa kuchovyea)

Maziwa freshi ya ng'ombe lita 1 na robo, yenye malai yake. Mtindi mtupu usio na sukari, vijiko 3 vya chakula, wa kuanzishia. Tango kubwa 1, la gramu 350 hivi. Punje 2 za kitunguu saumu. Mafuta ya zeituni vijiko 3 vya chakula. Siki ya zabibu kijiko 1 na nusu cha chakula, au ndimu. Chumvi. Majani ya dili (dill, kiungo cha majani membamba yenye harufu), au nanaa ukikosa. Na kitambaa cha melimeli cha kuchujia. Cheupe, kilichochemshwa, kisichonukia sabuni. Kanga kuukuu usiiguse, rangi itakuaibisha.

Hatua ya 1: Gandisha mtindi

Ukipata mtindi mzito wa dukani unaouamini, ruka hadi hatua ya 3. Ila soma maandishi ya kopo kwanza. Uingereza jambo hili lilifika mahakamani: mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba kampuni ya Kimarekani, Chobani, haiwezi kuuza huko kwa jina la mtindi wa Kigiriki bidhaa iliyotengenezwa Marekani, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaafiki. Waliofungua kesi ni Fage, kampuni iliyoanzia Athens. Ndiyo maana huko utakuta makopo mengine yameandikwa "wa mtindo wa Kigiriki". Kwako wewe jikoni swali siyo nchi, ni namna ulivyopata uzito. Mtindi wa Kigiriki huwa mzito kwa kuchujwa. Ukikuta wanga au jelatini kwenye orodha, uzito huo ni wa kuazima: ukiutundika kwenye kitambaa hautoi maji vizuri, na ukiutia tango utamu wake unakuwa wa plastiki.

Wa kwetu tunaugandisha wenyewe. Chemsha maziwa kwa moto wa wastani huku unakoroga, hadi yaanze kuinuka pembeni. Kama una kipimajoto, ni nyuzi 85. Usiyaepue papo hapo. Punguza moto, yaache kwenye joto hilo dakika kumi. Watu wengi hudhani tunachemsha kuua vijidudu basi. Hilo lipo, hasa kwa maziwa ya kupimiwa kwenye dumu, lakini joto hilo pia hubadilisha protini za maziwa zikashikana vizuri zaidi wakati wa kuganda. Yasipokaa kwenye moto, mtindi utatoka mwepesi.

Na hapa kuna adui ambaye shefu hakuwa naye kwao: muuzaji anayeongeza maji. Maziwa yaliyozidishiwa maji hugandia kimachozimachozi, yakichujwa yanabaki kiganja. Ukiwa na shaka, ongeza maziwa ya unga vijiko 3 vya chakula kabla ya kuchemsha. Wagiriki wa zamani hawakuwa na shida hiyo kwa sababu mtindi wao wa jadi ni wa maziwa ya kondoo, ambayo mafuta yake hukaribia mara mbili ya ya ng'ombe, na protini nayo ni nyingi. Ya mbuzi hugandia laini zaidi, hivyo kwa kazi hii si chaguo langu la kwanza.

Acha yapoe hadi nyuzi 43 au 45. Bila kipimajoto: chovya kidole kisafi, hesabu hadi kumi. Uusikie moto lakini uvumilie. Ukikitoa kidole kabla ya tano, subiri, maana bakteria wanaogandisha mtindi watakufa. Mmoja wao, *Lactobacillus bulgaricus*, alitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, Mbulgaria, na kama wenziwe anapenda joto la homa kali, siyo la chai. Mtindi wa kuanzishia uchanganye kwanza na kikombe kimoja cha maziwa hayo ya vuguvugu, kisha umimine kwenye sufuria, ukoroge mara chache.

Mimina kwenye hotpoti, funika, acha saa 6 hadi 8. Usitikise, usichungulie kila dakika. Dar au Mombasa mwezi wa Februari saa 6 zinatosha; Arusha mwezi wa Julai izungushie blanketi na usihesabu chini ya 8. Ukiinamisha hotpoti na mtindi ukaondoka ukutani kama kipande kimoja, umeiva. Uweke kwenye friji saa 2 ndipo uchuje, kwani wa moto hupita kwenye kitambaa.

Hatua ya 2: Chuja

Tandaza melimeli mara mbili juu ya chujio, chujio juu ya sufuria refu. Mimina mtindi. Kusanya ncha, funga, weka kisahani juu yake. Yote iingie kwenye friji usiku kucha, saa 8 hadi 12. Usiache mezani kwa joto letu. Utaendelea kuchachuka na asubuhi utakuta kitu cha kukunja uso.

Usikamue kwa mikono. Najua mikono yako imezoea kukamua tui, yangu pia. Tui linakamuliwa kwa sababu unachotaka ni maji yake. Hapa unachotaka kimebaki kitambaani, na ukikaba utakisukuma kipite kwenye nyuzi. Kama una haraka, badilisha kitambaa kikavu katikati ya safari.

Ukiamka utakuta sufuriani maji ya kijani-manjano, zaidi ya nusu lita. Yahifadhi, tutayarudia. Kitambaani kuna nusu kilo hivi ya mtindi unaokatika kwa kisu. Ukiona umekauka kupita kiasi, rudishia kijiko kimoja cha maji hayohayo. Hilo ni kosa zuri, linarekebishika. La upande wa pili halirekebishiki.

Hatua ya 3: Tango

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na ndipo nilipoangukia mimi. Tango ni maji kwa sehemu 95 katika 100. Ukilikwaruza ukalimimina kwenye mtindi ulioutesekea usiku kucha, umerudisha maji yote kwa mlango wa nyuma.

Kata ncha ya upande wa kikonyo, onja kipande. Uchungu wa tango hukaa zaidi huko na kwenye ganda. Likiwa chungu menya lote. Lisipokuwa chungu, mimi huacha milia ya ganda kwa ajili ya rangi. Pasua kwa urefu, kwangua mbegu na ute wake kwa kijiko. Matango yetu ya sokoni mara nyingi yameachwa yakue hadi mbegu zimekomaa, na ute ule ndio bomba lililopasuka.

Kwaruza kwa matundu makubwa ya kikwaruzo. Matundu madogo hutoa rojo. Nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, changanya, weka kwenye chujio dakika 30. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyama ya tango, utayasikia yanadondoka.

Sasa kamua. Hapa ndipo mikono ya tui inapohitajika. Chukua fungu moja moja, kaba kwa nguvu zako zote, kisha uweke kwenye kitambaa kikavu usokote kama unafua. Mzee aliyekuwa akichoma nyama upande wa pili wa jiko, siku ya jaribio langu la pili, alinitazama nikiminyaminya kwa vidole vya adabu. "Mwanangu," akasema, "kwani hilo tango limekukosea nini hata unaliogopa?" Nikasokota. Kikatoka karibu nusu kikombe. Tango lililokamuliwa sawasawa hushikana mkononi kama kinyunya na halilowanishi kiganja. Halioshwi, chumvi iliyobaki ndiyo ya chakula.

Hatua ya 4: Kitunguu saumu

Punje mbili, si zaidi. Ponda kwenye kinu na chembe za chumvi hadi iwe lahamu, kisha mimina siki juu yake, uiache dakika kumi. Ukali wa kitunguu saumu huzaliwa pale kinapopondwa, na siki huufuga. Kitakachoonekana kimepoa saa hii kitakuwa kimenguruma kesho, kwa hiyo usiongeze kwa kuonja tu. Saumu ndogo za kienyeji ni kali kuliko zile nene nyeupe za kutoka nje. Kwa za kienyeji, anza na punje moja na nusu.

Siki au ndimu? Huko Ugiriki utakutana na zote mbili, na kila nyumba inaapa kwa yake. Shefu alikuwa mtu wa siki. Mimi pia, kwa sababu ndimu zetu zina harufu kubwa inayotaka kuwa mgeni rasmi. Ukitumia ndimu, nusu moja inatosha.

Hatua ya 5: Changanya

Mwiko na bakuli. Blenda ibaki kabatini: visu vyake huvunja ule mshikamano wa mtindi, na ukishavunjika haurudi. Ndiyo siri ya vikombe vyangu vya siku ile.

Tia lahamu ya saumu kwenye mtindi, koroga. Mafuta ya zeituni yaingie kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, hadi mtindi uyameze na kung'aa. Tumia mafuta yenye harufu yake, yale ya kijani. Alizeti haiwezi kazi hii. Mwisho tango na dili iliyokatwa ndogo, kijiko kimoja cha chakula. Dili si jani la kila soko. Nanaa kavu inafanya kazi, nusu kijiko cha chai. Giligilani hapana. Nimejaribu, ikawa chatine.

Chumvi ionje mwisho kabisa.

Hatua ya 6: Iache

Funika, friji, saa 2. Ukiila papo hapo utasikia mtindi, halafu tango, halafu saumu, kila mmoja na lake.

Wakati wa kuandaa, tandaza kwenye sahani, chora mfereji kwa mgongo wa kijiko, dondosha mafuta kidogo na zeituni moja au mbili.

Inaliwa na nini

Wagiriki huila na mkate, na mamumunya machanga yaliyokaangwa, na nyama ya souvlaki na gyros (nyama inayochomwa ikizungushwa, kisha hukatwa vipande vyembamba) ndani ya mkate wa pita. Souvlaki ni nyama ya vijiti juu ya makaa, kwa hiyo mishkaki haihitaji kutambulishwa kwake. Kwangu huenda pia na mihogo ya kukaanga na samaki wa kuchoma. Pilipili ya kusaga isikae karibu nayo. Ladha yake ni ya chini na ukali utaizima.

Kuhifadhi

Siku 3 kwenye friji, chombo kilichofunikwa vizuri. Siku ya pili ndiyo tamu kuliko zote. Siku ya tatu maji machache yatapanda juu hata ukifanya yote sawasawa: inamisha uyamwage, usiyakoroge ndani. Usiigandishe kwenye friza, tango litayeyuka kuwa sponji. Na kila anayechota atumie kijiko kikavu. Mtoto akichovya mkate ulioumwa moja kwa moja kwenye chombo, hesabu siku moja pungufu.

Yale maji ya mtindi uliyoyaweka pembeni, kandia unga wa chapati badala ya maji ya kawaida. Punguza chumvi kidogo, na uache donge lipumzike nusu saa. Chapati hutoka laini zenye uchachu kwa mbali, na ukikosa pita, hizo ndizo za kufungia mishkaki na tzatziki yako.