Jiko gani la kuchomea nyama nyumbani? Soma kabla hujatoa hela

Watu wengi wakitaka jiko la nyama choma la uani wanakimbilia la gesi kwa sababu linang'aa. Sawa, la gesi linawaka hapo hapo na moto unapunguza kwa kuzungusha swichi tu, ila ule moshi wa mafuta yanayodondokea kwenye mkaa, ndo utamu wenyewe wa mbuzi, hautaupata vizuri, alafu mtungi ukiisha wageni wamekaa hapo wanakuangalia utasema nini.

Mi nakwambia chukua nusu pipa. Lile la lita 200, fundi wa kuchomelea analikata katikati kwa urefu, anaweka miguu, anatoboa matundu ya hewa chini. Muulize kwanza pipa lilibeba nini, kama ni kemikali achana nalo, kama ni mafuta ya kula washa moto mkali ndani bila nyama mpaka rangi na harufu viishe. Wavu usikubali ule wenye zinki wa kuzungushia banda la kuku, ukipata moto unatoa moshi mbaya, mwambie aweke nondo nyembamba au stenlesi. Mkaa rundika upande mmoja, nyama ianzie upande usio na mkaa, ikiiva ndo unaisogeza motoni ipate rangi.

Kama mko wawili tu, jiko la mkaa la kawaida na kawavu juu linatosha kabisa.

Ila kwenye balkoni ya ghorofa mkaa usiwashe jamani.