Mbwa wa kuokota, nyumba ya watoto: jinsi ninavyochagua

Kazi yangu ni kutibu mifugo viungani mwa Nakuru, kutoka Lanet hadi Kiamunyi. Ng'ombe ndio wanaonilisha. Mbwa huja kwa njia ya huruma. Mtu ananiita nimtazame ndama, nikishanawa mikono ananiambia, "Daktari, kuna huyu mbwa alijileta hapa. Watoto wanamtaka. Unaonaje?" Wengine nimewahi kuwalaza kwangu wiki mbili tatu kabla ya kuwatafutia boma. Haya ndiyo ninayofanya, pamoja na pale nilipokosea.

Sitafuti mbwa asiyeshtuka, maana hayupo. Natafuta anayeshtuka kisha akarudi upesi. Nyumba yenye watoto ni nyumba ya vishindo: mpira unagonga mabati, sufuria inaanguka, mtoto anamkanyaga mkia akikimbilia choo. Mbwa akiruka, akatazama, halafu akaja kunusa kilichoanguka, huyo nina hamu naye.

Hatua ya 1: Chunguza boma kabla ya mbwa

Watoto wana umri gani? Kama yupo aliye chini ya miaka sita, sipendekezi kilebu, yaani mbwa mchanga. Najua wengi hupinga: "Nataka akue na mtoto, wazoeane." Lakini kilebu ana meno kama sindano, hung'ata kila kinachotikisika, hula mara tatu au nne kwa siku, na bila chanjo kamili parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika, unaweza kumuua kwa siku chache, watoto wakimtazama. Mbwa wa miaka miwili hadi mitano tabia yake umeshaiona. Huyo ndiye ninayemtafutia familia changa. Ukishikilia kilebu, usimchukue kabla hajafikisha wiki nane na mama yake.

La pili ni swali ambalo baba wengi hawataki niulize: unataka mlinzi au rafiki wa watoto? Huku kwetu mbwa hufungiwa kibandani asubuhi hadi giza, usiku akafunguliwa, na getini kuna kibao cha "Mbwa Kali" (sarufi yake tuiache). Mchana kutwa anawaona watoto wakipita mbio mbele ya mbao, wengine wakimchokoza kwa kijiti, naye hafikii. Halafu Jumamosi anafunguliwa "acheze nao". Hapo unaomba balaa. Mbwa anayelala mlangoni na kubweka mgeni akija ni mlinzi wa kutosha. Si lazima awachukie watu. Kama kwako ni lazima afungiwe mchana, ngoja watoto wakue kwanza.

Ukiishi ploti ya kupanga, ongea na mwenye nyumba, kisha uhesabu watoto wa majirani kama wako, kwa sababu mbwa hatajua tofauti. Kwenye boma la michongoma, tembea ukuta mzima ukitafuta matundu. Na usimwachie mtoto wa miaka minane kazi ya kulisha, hata akiapa. Mlishaji ni mtu mzima. Ugali na omena, matumbo yaliyochemshwa, vyote ni sawa. Mahindi yaliyoota ukungu ambayo nyumba imeyakataa usimpe: sumukuvu huharibu ini la mbwa kama la mtu.

Hatua ya 2: Mahali pa kumtafuta

Nairobi wana KSPCA, shirika la kuwalinda wanyama, na ukisafiri huko utakuta watu waliozoea kupanga mbwa na familia. Huku wengi humpata kwa jirani anayehama, kwa daktari wa mifugo, au mbwa anajileta mwenyewe. Jirani anayehama ndiye chanzo bora: anaweza kukwambia mbwa hufanya nini radi ikipiga.

Mbwa wa buchari nao nawapenda. Amekulia kwenye miguu ya watu, pikipiki, kelele na watoto waliotumwa nyama nusu kilo. Amejifunza kusoma binadamu kuliko wengi. Ubaya wake ni wizi wa nyama, na wengine hulinda mfupa kwa ukali, ambalo nitalieleza hapa chini. Wa dampo kama Gioto wanahitaji muda zaidi na mkono uliozoea. Si wa kuanzia nao ukiwa na mtoto wa miaka mitatu.

Hatua ya 3: Mtazame bila watoto

Waache nyumbani. Ukienda nao, wao ndio watachagua, na watachagua mwenye macho ya huzuni. Mimi pia huchaguliwa hivyo nisipojihadhari.

Dakika kumi za kwanza sifanyi kitu. Nakaa ubavu, simkodolei macho, simwiti. Anakuja, ananusa, anaondoka. Kinachonivutia ni akirudi mara ya pili, maana mara ya kwanza ni udadisi tu.

Akirudi, namkuna kifuani au ubavuni mwa shingo, si juu ya kichwa, kama sekunde tatu, kisha naondoa mkono. Sasa namwachia yeye aamue. Akijisogeza aguswe tena, vizuri. Akijikung'uta na kwenda zake, si vibaya; amesema "imetosha" kwa adabu. Ninayemwogopa ni yule anayekauka: mdomo umefungwa ghafla, mwili umekuwa gogo, jicho linakuangalia pembeni hadi weupe unaonekana.

Hapa ndipo nilipokosea miaka ya mwanzo. Nilimpeleka dume mmoja, tulimwita Simba, kwa familia ya Free Area. Watoto watatu walimkumbatia kwa pamoja naye akasimama kimya kama sanamu. Mama akasema, "Ona vile ni mpole." Nami nikasema ni mpole. Hakuwa mpole, alikuwa amekauka kwa hofu, na mimi mwenye kazi ndiye niliyepaswa kuliona. Wiki ya tatu mdogo wao aliinama chini ya meza Simba akiguguna mfupa, na Simba akamng'ata shavuni. Tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, tukakimbilia hospitali. Nyuzi na sindano za kichaa cha mbwa. Simba tulimtenga tukamtazama siku kumi. Hakuwa na kichaa. Tangu siku hiyo neno "mpole" silitumii mpaka nimemwona mbwa akitikisika, akinyoosha mwili na kupumua kwa mdomo wazi.

Baada ya kugusa, chakula. Mwekee ugali wa mchuzi kwenye karai, aanze kula, kisha pita umbali wa mita mbili. Usitie mkono ndani ya karai. Watu hufanya hivyo kuonyesha ushujaa, na unachomfundisha mbwa ni kwamba mikono huja kumpokonya. Ukipita, mrushie kipande cha nyama uendelee na safari yako. Anayeinua kichwa kungoja cha pili ni mtu wa nyumbani. Anayemeza mbio huku mabega yamekakamaa, au anayenguruma, hafai nyumba ambamo mtoto hutambaa na mandazi mkononi.

Kisha kifuniko cha sufuria. Kiangushe kama mita nne kutoka kwake, uhesabu polepole. Akiwa amerudi kabla ya kumi, nimeridhika. Akijificha chini ya gari mpaka nitakapoondoka, si mbwa mbaya. Ni wa nyumba ya watu wawili wazee na redio ya chini. Akikimbilia kelele kwa meno, hapana.

Mwisho, saa kumi jioni wanafunzi wa chekechea na msingi wanapopita barabarani, nasimama naye kwa kamba ndani ya geti. Kutazama, kubweka mara mbili na kuniangalia ni sawa. Akijiinamisha, shingo mbele, macho yamemganda mtoto anayekimbia, huyo ana damu ya kuwinda, na mtoto mdogo anayekimbia huku akipiga mayowe ndiyo mchezo wake.

Rudia yote siku nyingine. Mbwa mwenye njaa au aliyetoka kifungoni huficha nusu ya tabia yake.

Hatua ya 4: Afya, kabla hajavuka geti

Usikubali "alichanjwa" ya mdomo. Omba kadi; haipo, mchanje upya. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na kila mwaka karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kaunti nyingi huwa na chanjo za bure, sikiliza matangazo. Sindano huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Lakini elewa jambo moja: chanjo haimtibu mbwa ambaye tayari ameambukizwa, na ugonjwa unaweza kukaa mwilini wiki nyingi kabla ya kuonekana. Kwa hiyo mbwa wa barabarani namtenga na watoto, namchanja siku ya kwanza, na hata baada ya hapo naendelea kumtazama miezi ya mwanzo. Akibadilika ghafla, akashindwa kumeza, akatokwa na udenda, akawa mkali au mzito kupita kawaida, usimshike. Mwite daktari wa mifugo. Na akimng'ata mtu, osha kidonda dakika 15 kwa sabuni na maji, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, grisi wala makaa.

Minyoo mpe dawa siku ya kwanza, rudia baada ya wiki mbili, kisha kila miezi mitatu. Mavi yaokote kila siku. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa huchukua wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtoto, kwa hiyo ukiwahi kuyaondoa umepunguza hatari kabla haijaanza.

Mwenye ngozi ya magamba na mwasho atibiwe kwanza, kwani ukurutu wa mbwa unaweza kuwarukia watoto. Ufizi uliopauka au pua inayotoka damu, fikiria homa ya kupe. Tazama pia sehemu za siri: uvimbe unaovuja damu ni saratani inayosambazwa kwa kujamiiana, tunaiona sana kwa mbwa wa mtaani, nayo hutibika kwa sindano za kila wiki. Meno hayadanganyi umri: ukiambiwa ana miezi mitatu na unaona chonge kubwa za kudumu, amepita nusu mwaka. Bonyeza masikio na nyonga taratibu, maana mbwa mwenye maumivu hung'ata hata awe na tabia gani.

Jike afungwe kizazi, dume ahasiwe. Jike akiwa kwenye joto, madume ya mtaa mzima yatalala getini yakipigana, na watoto watapita hapo kwenda shule.

Hatua ya 5: Wakutane nje ya boma

Njiani au uwanjani, mbwa akiwa kwa kamba mkononi mwa mtu mzima, watoto wakitembea sambamba naye bila kumgusa. Baada ya dakika ishirini, mmoja mmoja, anasimama na kuacha mbwa aje. Kabla ya siku hiyo wafundishe michezo miwili: "kuwa mti" (mbwa akiwarukia, simama, kunja mikono, tazama vidole vya miguu) na "mkono mmoja" (mkune kwa mkono mmoja, hesabu tatu, acha, uone anataka nini). Hakuna kukumbatia, hakuna kumpanda mgongoni. Kulamba pua, kupiga miayo bila usingizi na kugeuza kichwa ni maneno yake ya "nipe nafasi". Mtoto wa miaka mitano anaweza kuyasoma. Nimeona wakiyasoma kuliko baba zao.

Hatua ya 6: Wiki za mwanzo

Mpe pembe moja ambayo mtoto haruhusiwi kuingia, hata mpira ukiingia. Hapo ndipo anapolala na kula. Mifupa huko huko, si chini ya meza. Wageni na binamu wa likizo wasubiri. Akiwa na mtoto mdogo, mtu mzima awe hapo hapo, si jikoni "nikiwasikia". Wanaookoa mbwa husema siku tatu za woga, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ya kuwa wa nyumbani. Ni makadirio tu, ila yamenifaa.

Akinguruma, usimpige. Mbwa aliyefundishwa kutonguruma hufika kwenye meno bila hodi. Mwondoe mtoto, kisha ujiulize kilichotokea sekunde kumi kabla.

Na kabla ya kumchukua, elewana na aliyekupa kwamba akishindikana utamrudisha, bila aibu wala kumtupa barabarani usiku. Simba nilimchukua mwenyewe kutoka Free Area. Yuko Njoro kwa mzee anayeishi peke yake, na mara ya mwisho nilipopita kutibu ng'ombe wake, mbwa alikuwa kwenye kochi na mzee kwenye kiti cha plastiki.