Chora mwenyewe: je, elektroni hutoka kwenye nukta ya kwantamu na awamu yake?

Nukta ya kwantamu ni kijichumba kidogo mno cha kunasa elektroni, na awamu ni mahali wimbi la elektroni lilipofikia kati ya kilele na bonde. Swali ni kama elektroni ikipita humo awamu hiyo hutunzwa au hupotea. Hapa Kigoma hatuna friji ya kushusha jotoridi chini ya kelvini moja, na majaribio ya kulijibu hayafanyiki bila hiyo. Hesabu ya majaribio hayo, lakini, inaingia kwenye Excel, hata ya simu.

Kupima mkondo tu hakutoshi, maana mkondo hupita awamu ikiwepo au isiwepo. Unahitaji njia mbili, moja ikipitia kwenye nukta na nyingine huru, kisha zikutane. Ukisimama ufukweni Kibirizi boti mbili zinapopishana utaelewa: kilele cha wimbi la moja kikikuta kilele cha jingine maji hupanda, kikikuta bonde hutulia.

Hatua ya 1. E1 andika 0. Huu ni umbali wa nishati ya elektroni kutoka ngazi ya nukta (nishati ambayo nukta hupitisha elektroni kwa urahisi zaidi), kwa kipimo cha nusu ya upana wa ngazi hiyo. E2 andika 1, yaani awamu imetunzwa yote. E3 andika =0.3/SQRT(1+E1^2), ukubwa wa wimbi linalotoka kwenye nukta. Njia huru nimeipa 0.3.

Hatua ya 2. Kuanzia A2 teremsha 0, 0.1, 0.2 hadi 12.6. Hii ni awamu inayoletwa na uga sumaku. Kila 6.28 ni fluksi (uga mara eneo unalopita) ya h/e, yaani kipimo cha Planck kugawanya kwa chaji ya elektroni: weba 4.14×10⁻¹⁵. Njia zile mbili hufanya pete; ikiwa na eneo la mikromita moja ya mraba inataka uga wa militesla 4.14 tu.

Hatua ya 3. B2, ambayo ni upitishaji, yaani kiasi cha elektroni kinachofika mwisho:

=0.09+$E$3^2+0.6*$E$3*$E$2*COS(A2+ATAN($E$1))

Vuta hadi chini, chora grafu. Inapanda na kushuka kati ya 0 na 0.36. Sasa badili E2 iwe 0.5: inabaki kati ya 0.09 na 0.27. Ikiwa 0, unapata mstari mnyoofu kwenye 0.18. Angalia vizuri hapo: wastani ni uleule, kilichotoweka ni mawimbi. Mwaka 1995 Yacoby, Heiblum, Mahalu na Shtrikman wa taasisi ya Weizmann, Israeli, waliyaona mawimbi hayo kwenye kifaa halisi. Basi angalau sehemu ya elektroni zilivuka nukta na awamu zake.

Hatua ya 4. Rudisha E2 iwe 1. Weka E1 iwe -1, halafu 1. Grafu inasogea nyuzi 90, taratibu.

Lakini kifaa cha Yacoby na wenzake kilikuwa na ncha mbili tu, moja ya kuingiza mkondo na moja ya kuutoa, na humo awamu iliruka ghafla nyuzi 180. Sababu ni kwamba kwenye ncha mbili upitishaji lazima ubaki uleule ukigeuza mwelekeo wa uga, kwa hiyo hakuna nafasi ya kusogea kidogo kidogo. Mwaka 1997 kundi la Heiblum likatumia kifaa chenye ncha zaidi ya mbili, na hapo awamu ikapanda taratibu.

Fomula yetu ni ya kifaa hicho cha pili. E1 ikiwa 1, andika 1 kwenye A2, kisha -1: majibu hayatalingana.