Kuinua mikono kwenye yoga: kwa nini "shusha mabega" inapitwa na wakati

Ingia darasa lolote la yoga hapa Kisumu, huenda ukamsikia mwalimu akisema, "Inueni mikono, shusheni mabega." Amri hizo mbili zinavutana. Jaribu hivi.

Hatua ya 1: Lijue kombe la bega. Mwombe mwenzako asimame nyuma yako, aweke kiganja juu ya kombe la bega lako la kulia, ule mfupa bapa wa pembetatu ulioko mgongoni. Inua mkono polepole kupitia ubavuni. Mwanzoni mfupa hautikisiki sana. Mkono ukikaribia kimo cha bega, mwenzako atahisi ncha ya chini ya kombe ikisogea kuelekea kwapani. Katika nyuzi 180 za kuinua mkono, takriban 120 hutoka kwenye kiungo cha bega, na 60 hutokana na kombe kuzunguka. Inman na wenzake, watafiti wa Marekani, waliyaeleza mazunguko hayo mwaka 1944, miaka 22 kabla ya kitabu cha B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga kutoka India, kilichoionyesha dunia mikao ya yoga kwa picha takriban 600. Picha ilituonyesha mkono umefika wapi. Njia iliyopitwa na mfupa haikuonekana, na kwa maoni yangu ndiyo sababu ualimu wetu uling'ang'ania umbo kwa muda mrefu.

Hatua ya 2: Geuza mkono. Kabla ya kufika kimo cha bega, elekeza kidole gumba nyuma. Usipogeuza, kinundu cha mfupa wa mkono hukaribia kijipaa cha mfupa kilicho juu yake na kubana kano zinazopita katikati.

Hatua ya 3: Acha bega lipande. Amri ya kushusha ilikuwa na sababu yake. Watu huja mabega yamekwama masikioni: mwendesha boda boda aliyeshika usukani tangu alfajiri, fundi cherehani wa Kibuye aliyeinamia kitambaa kutwa. Mikono ikiwa chini, naitumia mpaka leo. Mikono ikiwa juu, inalizuia kombe kuzunguka. Siku hizi nasema, "Fikia dari, legeza shingo." (Mtazame mama wa samaki wa Dunga akijitwisha karai. Nani alimwambia ashushe mabega?)

Hatua ya 4: Chunga mbavu. Mbavu za mbele zikichomoza na kiuno kikipinda, bega limefika mwisho wake na mgongo ndio unaofanya kazi. Rudisha mikono mbele kidogo, itanue iwe herufi V. Mikono kufika masikioni si kipimo, maana umbo la kile kijipaa hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Hatua ya 5: Kaa pumzi tano, shusha, kisha rudia mkono wa kushoto. Pande mbili zisipolingana, usizilazimishe. Ukisikia maumivu ya kuchoma juu ya bega, acha hapo hapo. Yakirudi kesho yake, kamwone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kurudi mkekani.