Mkrismasi au mjakaranda: angalia mwinuko wa eneo lako kabla ya rangi ya ua

Mtu akipita Nairobi au Arusha mwezi wa Oktoba akakuta barabara imetandikwa maua ya zambarau, anarudi kwake Bagamoyo akitaka mjakaranda getini. Naye wa Njombe akishuka Dar es Salaam mwezi wa Desemba akaona mikrismasi imewaka nyekundu, anaondoka na mbegu mfukoni. Wote wawili wanapanda na mti unaota, kisha miaka inapita bila wao kukiona kile kilichowavutia. Miti hii miwili inafaa sana kwa bustani, ila kila mmoja una kwao, na ukiukosea kwao huwezi kuurekebisha kwa mbolea wala kwa maji.

Mkrismasi, ambao wengine huuita flamboyanti na kitaalamu ni Delonix regia, asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska. Umezoea joto, mvua za msimu na kiangazi kirefu, ndiyo maana unastawi Tanga, Mombasa, Unguja, Dodoma na Mwanza bila kubembelezwa. Mjakaranda, Jacaranda mimosifolia, umetoka kaskazini magharibi mwa Argentina na Bolivia, kwenye miteremko yenye miezi mikavu na ya ubaridi. Kipindi hicho cha ukavu na ubaridi ndicho kinachoufanya upukutishe majani na kuchanua. Ukiupanda pwani, kwenye joto na unyevu karibu mwaka mzima, utapata mti wa kijani wenye maua machache, na miaka mingine hutapata hata ua moja. Mkrismasi nao ukipandwa kwenye sehemu za baridi kali, umande ukiganda usiku mmoja tu, mche mchanga unakufa kuanzia kwenye ncha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukiwa chini ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, panda mkrismasi. Ukiwa juu ya mita 1,500, panda mjakaranda. Waliopo katikati, kama watu wa Arusha, wana bahati ya kuchagua, kwa sababu yote miwili inachanua.

Nafasi iliyo chini ya ardhi

Watu wengi hupima nafasi kwa macho yanayotazama juu: je, matawi yatagusa paa? Lakini hasara kubwa hutokea chini. Mkrismasi haurefuki sana, mara nyingi mita 10 hadi 15, ila hutanuka kama mwavuli, na upana wake mara nyingi huzidi kimo. Mizizi yake hukaa karibu na uso wa ardhi na hunenepa. Mti ukishakomaa, shina huota mbavu zinazoingia ardhini, na kutoka hapo mizizi hutambaa ikinyanyua vigae, sakafu ya veranda na kuta za uzio. Usiupande karibu na nyumba kwa chini ya mita 10, na karo la choo na bomba la maji viwe mbali zaidi ya hapo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba katikati hakina mahali pa mkrismasi, na nasema hivyo nikijua wengi hawapendi kulisikia. Katika kiwanja cha namna hiyo bogenvilia iliyofungwa vizuri ukutani itakupa rangi bila kukubomolea nyumba.

Mjakaranda hurefuka zaidi, hadi mita 15 au 20, lakini kivuli chake ni chepesi na mizizi yake haina fujo kama ya mwenzake. Mita 7 au 8 kutoka ukutani zinatosha. Kivuli hicho chepesi kina faida nyingine: nyasi za bustani huendelea kuota chini yake, wakati chini ya mkrismasi mkubwa utabaki na udongo mtupu na mizizi iliyotokeza. Hapo usipigane na asili. Weka kokoto au viti, pawe mahali pa kukaa.

Kero ya mjakaranda ni maua yenyewe. Yakidondoka yana utelezi, kwa hiyo usiupande juu ya ngazi au njia ya wazee. Na yakianguka kwenye bwawa au mtaro, huuziba. Kero ya mkrismasi ni maganda: magumu kama ubao, yanafikia sentimita 60, na huning'inia miezi mingi kabla ya kuanguka. Usiegeshe gari chini yake.

Kuutambua mche kitaluni

Miche ya miti hii hufanana mno ikiwa midogo, kwani yote ina majani yenye vijani vidogo vidogo kama unyoya, na si mara moja mtu ameuziwa mmoja akidhani ni mwingine. Shika mche mmoja uutazame kwa karibu. Kwenye mjakaranda majani hutoka shinani yakikabiliana, mawili mawili, na kijani cha mwisho kabisa kwenye ncha ni kirefu kuliko wenzake na kimechongoka. Kwenye mkrismasi majani hutoka moja moja kwa kupishana, huku na huku, na vijani vyake vina ncha butu ya mviringo.

Kisha geuza kiriba, ule mfuko wa plastiki wenye mche, uangalie chini. Mzizi ukiwa umetoboa plastiki na kujikunja, huo mche umekaa kitaluni kupita kiasi. Mzizi mkuu uliojizungusha ndani ya kiriba hauwi mzizi imara. Mti utakua vizuri kwa miaka, halafu siku ya upepo mkali unalala wote. Chukua mche wenye sentimita 30 hadi 50, shina limesimama lenyewe bila kijiti, hata kama jirani yake ni mrefu mara mbili.

Anayeotesha mwenyewe ajue kwamba mbegu zinatofautiana. Mbegu ya mkrismasi ina ganda gumu lisilopitisha maji. Isugue kwa msasa upande mmoja, mbali na jicho, lile kovu dogo pale mbegu iliposhikana na ganda la tunda, mpaka uone weupe kidogo, kisha iloweke usiku kucha. Mbadala wake ni kuimwagia maji ya moto na kuyaacha yapoe yenyewe. Iliyovimba asubuhi iko tayari kupandwa, ambayo haijavimba irudie. Ya mjakaranda ni nyepesi, ina bawa jembamba kama karatasi, na haihitaji maandalizi. Kazi ni kuliwahi tunda, lile bapa la mviringo, likiwa la kahawia lakini halijapasuka, maana likipasuka mbegu zimekwenda na upepo. Zifunike kwa udongo mwembamba tu.

Kupanda na miaka miwili ya kwanza

Panda mvua zikishakolea, si siku ya mvua ya kwanza. Shimo la sentimita 60 kwa 60 linatosha, na udongo wa juu utengwe na wa chini. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, jaza, kisha panda mche usawa uleule uliokuwa nao kwenye kiriba. Kiriba kiondolewe chote. Weka matandazo ya majani makavu, lakini yaache nafasi ya kiganja kutoka shinani, hasa kwenye maeneo ya mchwa, ambao huanza na matandazo wakamalizia gome. Mbuzi nao huharibu miche, kwa hiyo zungushia miiba au uzio wa fito kabla hujalala siku hiyo.

Kiangazi cha kwanza mpe mche ndoo ya lita 20 mara moja au mbili kwa wiki, polepole, ili maji yashuke. Kumwagilia kikombe kila jioni kunaifundisha mizizi kubaki juu. Baada ya mwaka wa pili punguza, na mti ukishashika uache utafute mwenyewe. Hapa ndipo wenye bustani za kumwagiliwa kila siku hukosea: mti wowote kati ya hii miwili ukipewa maji na mbolea ya kukuzia muda wote, unaota majani na kusahau maua. Ukame wa miezi michache unausaidia.

Uvumilivu unahitajika pia. Mkrismasi wa mbegu mahali pazuri waweza kuchanua baada ya miaka 5 hivi, wakati mwingine ukakawia hadi 10. Mjakaranda wa mbegu huchukua miaka 7 hadi 14. Usiukate kwa hasira mwaka wa sita.

Kupogolea

Kwenye kupogolea ndipo miti hii hutofautiana zaidi, na ndipo inapoharibiwa zaidi. Mkrismasi una mbao laini na matawi mazito yanayolala, hivyo hukatika kwa upepo. Unahitaji kufundishwa ungali mdogo: acha shina moja, ondoa matawi ya chini kidogo kidogo hadi mita 2.5 au 3, na usiruhusu matawi mawili ya unene sawa yasimame kwa pembe kali kama herufi V. Ukitazama ndani ya pembe hiyo utaona gome limekunjwa katikati badala ya mbao ya tawi moja kuungana na ya jingine. Hapo ndipo patapasuka. Ondoa tawi moja lingali jembamba kama kidole gumba.

Mjakaranda uachie umbo lake. Ukiukata vilele, kila kidonda hutoa machipukizi yanayopanda wima kama fito, na ule mwavuli wake wa wazi haurudi tena. Ondoa tu matawi makavu na yanayosuguana, kiangazi, kabla ya mvua.

Tawi nene kwa vyovyote likatwe kwa hatua tatu. Kwanza kata kwa chini, futi moja kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Pili kata kwa juu mbele kidogo ya hapo hadi tawi lianguke. Tatu ondoa kigutu kilichobaki, ukiacha ule uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina, kwa kuwa uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Usipake rangi wala lami.

Jambo moja kwa wanaochagua mjakaranda karibu na mto au msitu: mbegu zake husafiri na upepo, na Afrika Kusini, pamoja na sifa zote za mijakaranda ya Pretoria, imeuweka katika orodha ya mimea vamizi. Upande ndani ya bustani, mbali na kingo za mto, na ung'oe miche inayojiotea yenyewe ingali mifupi ya kutoka kwa mkono mmoja.